Mtoto Niliyemwua Gazetini

Wiki iliyopita niliwaacha kaburini. Nilikuwa nimepiga magoti ukingoni mwa shamba la ngano, upepo unavuma, nimeshika udongo uliomfunika binti yangu Tekla, mtoto wa miaka saba aliyegongwa na nyoka. Wengi mlilia. Najua, barua zenu ninazo.

Kaburi hilo halipo.

Nyoka hakuwepo. Upepo sikumbuki kama ulikuwepo. Tekla yuko hapa, amekaa mlangoni anachambua maharage, na anayatafuna mabichi ingawa nimemkataza mara mbili.

Basi, nimesema. Anayetaka kulichana gazeti alichane, ila asubiri kidogo, maana hilo ndilo dogo.

Mimi ni Basili Hhando, dereva wa kombaini katika shamba la ngano la serikali, kule Hanang. Wiki kumi na moja nimewasimulia mikosi yangu chini ya maneno aliyoyaweka mhariri, Bwana Joakimu: KISA CHA KWELI. Mikosi ya mwanzo ilikuwa ya kweli, niliitia chumvi tu. Ng'ombe wangu walikufa, hiyo si uongo, lakini walikuwa wawili, si tisa. Malaria niliugua. Kulazwa wiki tatu sikulazwa.

Kisha mikosi ikaniishia.

Jamani, fikirini aibu hiyo. Mtu anaishiwa na mikosi, badala ya kumshukuru Mungu anakaa mezani amejishika tama! Na Bwana Joakimu naye akaniandikia: "Sehemu ya sita imepoa, ndugu. Msomaji hanunui gazeti ili asome kwamba umepona."

Sehemu ya saba nikamwua Tekla.

Bwana Joakimu akaandika tena: "Barua thelathini na moja! Usiharakishe kumzika." Sikuharakisha. Sehemu ya nane nilimkesha. Ya tisa nikamchongea jeneza. Ya kumi nikagombana na mchimba kaburi mjeuri, ambaye naye hayupo duniani. Ya kumi na moja nikamzika. Siku ninachonga jeneza, Tekla mwenyewe alikuwa chini ya meza yangu na daftari lake, ananiuliza herufi R inageukia wapi.

Uongo peke yake nisingeutolea sehemu nzima. Waongo ni wengi na wanazeeka salama. Kosa langu ni kwamba nilitumia majina yetu.

Tekla ni Tekla. Mama yake, Genoveva, ni Genoveva kweli, na anakaa kwetu Tumati, wilaya ya Mbulu, analima na kumtunza ng'ombe wetu aliyebaki, jirani na baba yake, Mzee Akonaay. Januari nilimchukua mtoto akaanze darasa la kwanza kule shambani, kwa sababu shule ya kule ina madawati. Genoveva hakutaka. Aliniuliza, "Mtoto wa miaka saba atapikiwa na nani, Baba Tekla?"

Nikamjibu, "Na mimi."

Hilo jibu mlishike.

Nilidhani gazeti linasomwa mjini, na watu wasionijua. Kumbe linafika hata Tumati, ndani ya basi, limechelewa siku kadhaa. Kuna mwalimu mstaafu, Mwalimu Nikolausi, analisoma kwa sauti pale kwenye mashine ya kusaga, wanawake wakingoja unga wao. Mimi sikujua. Ningejua, sijui kama ningeacha. Nataka niwe mkweli leo.

Nilikuja kujua siku ya Jumanne, mchana, mavuno yamepamba moto. Lori lilishusha vibarua karibu na nyumba zetu za wafanyakazi, na mmoja wao alikuwa Alfredi, jirani yetu wa Tumati. Nilifurahi sana. Nilikuwa natia grisi kombaini, nikafuta mikono kwenye suruali, nikamwendea mkono mbele.

Alfredi akarudi nyuma hatua tatu.

"Pole sana, Basili," akasema. "Lakini usinikaribie. Nina watoto."

Nikadhani ananitania. "Grisi haiui, bwana. Twende nyumbani ukanywe chai."

"Chai yako mimi nitainyweje? Wewe si una metimani?"

Ninyi msio wa huku, niwaeleze. Metimani sisi Wairaqw hatuichezei. Mtu aliyefiwa na mtoto anakaa peke yake. Haingii nyumba ya mtu, haombi moto, hanywi kwenye kibuyu cha mwenzake, ng'ombe wake hawachungwi na wa wengine. Watu hawamchukii, hapana. Wanaogopa msiba usivuke ukaingia kwao. Kanisani tunakwenda, na metimani tunashika. Padri amesema mpaka amechoka.

"Metimani ya nani?" nikamwuliza.

"Ya mtoto wako! Tumesikia yote kwa Mwalimu Nikolausi. Nyoka, jeneza, na yule mchimba kaburi asiye na adabu. Mke wangu alilia mpaka akasahau unga wake kwenye mashine."

"Na Genoveva?"

Alfredi akaangalia chini. "Yuko ndani. Wiki ya nne hii. Mahindi yake yamesimama peke yake shambani, wenzake wote tumeshavuna. Nani ataingia shamba la mwenye metimani? Tunampa pole kwa kupiga kelele kutoka njiani. Na kila Mwalimu akisoma sehemu mpya, watu wanarudi nyuma zaidi."

Mungu wangu. Kila wiki niliyomlilia Tekla gazetini, nilikuwa naongeza kufuli kwenye mlango wa mama yake.

Papo hapo Tekla akatokea nyuma ya nyumba na ndoo ndogo kichwani, anachechemea.

"Shikamoo," akamwambia Alfredi.

Mfuko ulimwanguka. Akasema, "Yesu na Maria!" akageuka na kupanda lori ambalo hata halikuwa linaondoka.

Mmesikia nimesema anachechemea. Mguu huo nitaueleza. Nipeni muda kidogo, naogopa.

Niliingia ndani nikafungua mkebe wa majani ya chai ambamo naweka karatasi zangu. Humo mlikuwa na barua ya Genoveva, ya wiki mbili nyuma, haijafunguliwa. Sikuifungua kwa sababu nilijua atakuwa anamtaka mtoto, na mtoto sikutaka amwone kwa wakati ule. Kwa sababu ya mguu.

Sasa nikaifungua. Mwandiko ulikuwa wa Mwalimu Nikolausi.

"Baba Tekla, salamu. Mwalimu ananiandikia akiwa njiani, mimi nasema kwa sauti kutoka mlangoni. Tumesikia. Sikulaumu kwa ajili ya nyoka, nyoka hana mwenyewe. Naomba jambo moja tu. Gazeti linasema umemchagulia mahali ukingoni mwa shamba la ngano. Halikusema ni upande gani. Niambie upande, nijue nigeukie wapi ninaposali. Ni mimi mkeo, Genoveva."

Nilikuwa nimelitengeneza lile kaburi vizuri sana. Niliweka jiwe, nikaweka nyasi, nikapanda hata ua. Upande sikuandika.

Nilikaa kitandani nikalia, na huko kulia hakukuwa na chumvi yoyote. Kesho yake niliomba ruhusa kwa msimamizi, nikamshika Tekla mkono, tukapanda basi.

Sasa mguu.

Hapana, ngoja kwanza niseme nilichofanya Haydom.

Tulishuka Haydom kubadilisha basi. Pale stendi, kama kawaida, kulikuwa na wagonjwa wanaoshushwa kwenda hospitali. Mama mmoja aliyembeba mgonjwa wake akamwona Tekla na bandeji yake mguuni, akamwuliza, "Umefanyaje, mama?"

Tekla alinitazama mimi kwanza.

Nikamvuta pembeni. Nikachuchumaa. Nikamwambia, "Mama akikuuliza, sema ulikuwa unacheza kwa jirani, kwa Mama Helena. Sufuria yake ya uji ikakumwagikia. Baba alikuwa kazini. Baba akaja mbio."

"Lakini baba, wewe ulikuwa mezani."

"Sema hivyo hivyo. Ni kama hadithi."

"Kama zile za gazeti?"

"Ndiyo, kama zile."

Akaitikia kwa kichwa kama mwanafunzi mzuri. Mimi baba yake nikamnunulia andazi.

Tulifika Tumati jua likiwa bado juu, lakini baridi ya Julai inauma. Mzee Akonaay alituona tunapandisha. Akainua fimbo yake.

"Simama hapo!"

Tukasimama.

"Shikamoo, baba," nikasema.

Alikuwa anamtazama Tekla.

"Shikamoo, babu," akasema Tekla.

"Marahaba," mzee akaitikia. "Wewe ni nani?"

"Tekla."

"Umekula?"

"Andazi moja tu. Nina njaa."

Mzee akakaa chini pale pale kwenye njia, na fimbo yake. "Mzimu hauna njaa," akasema. Kisha akapaza sauti kuelekea nyumba ya binti yake: "Genoveva! Toka! Toka uone!"

Genoveva akatoka. Alikuwa amenyoa kichwa, amekonda, khanga imemzunguka mara mbili. Nilingoja apige kelele, akimbie, aanguke. Katika hadithi yangu angeanguka. Yeye alikuja kwa mwendo wa kawaida tu, akamshika mtoto kichwa, akamshika masikio, akamfungua mdomo akatazama pengo la jino. Baada ya hapo ndipo akamkumbatia, na sikuona uso wake kwa muda mrefu.

Alipoinuka akanigeukia. "Hakufa?"

"Hakufa."

"Aliugua akapona?"

"Hakugongwa na nyoka. Nilitunga."

"Ulitunga." Alilirudia neno hilo polepole. "Kwa hiyo wiki zote hizi nilikuwa namlilia mtu anayekula na kushiba."

"Ndiyo."

"Kwa nini, Baba Tekla?"

Ningeweza kusema mengi. Nikasema ukweli, tena ukweli wa kijinga. "Mikosi ilikuwa imeniishia."

Alinitazama mpaka nikaangalia chini. "Ungeniomba," akasema. "Mimi ninayo."

Ardhi ingepasuka saa ile ningeishukuru. Lakini haikupasuka, na Genoveva alikuwa ameshainama tena kwa mtoto, anainua gauni lake.

"Nyoka wako alimgonga mguu wa kulia. Mwalimu alisoma wa kulia. Huu wa kushoto una nini?"

Nikafungua mdomo. Tekla akaniwahi.

"Nilikuwa nacheza kwa Mama Helena," akasema, amesimama wima. "Mvua ilikuwa inanyesha. Sufuria yake ya uji ikaanguka ikaniunguza. Baba alikuwa kwenye kombaini, mbali. Akanisikia! Akaruka chini kombaini ikiwa inatembea, akakimbia kwenye ngano, akanibeba mgongoni mpaka zahanati."

Sikumfundisha mvua. Sikumfundisha kuruka. Mvua hainyeshi Hanang wakati ule wa mwaka, yeye kainyesha. Kumbe nilipokuwa nasoma kazi zangu kwa sauti ili nisikie kama zinaliza watu, alikuwa chini ya meza anajifunza zaidi ya herufi.

Genoveva akaja akanishika mkono kwa mikono yake miwili.

"Kwa kile kifo nitakusuta mpaka nife," akasema. "Lakini kwa mguu huu nakushukuru. Nilikuwa nasema moyoni umemtelekeza mtoto. Kumbe ulimkimbilia." Akafuta macho na upindo wa khanga. "Na huyo Helena, mtu mzima anaacha sufuria mahali mtoto anapocheza, Mungu anamwona."

Nikasema, "Ndiyo."

Neno moja tu. Nimeandika maneno mengi ya uongo katika gazeti hili, lakini hilo moja ndilo linaloninyima usingizi.

Kesho yake wazee watano walikuja. Walikaa ng'ambo ya njia, mbali na nyumba, na sisi tukakaa upande huu. Mkubwa wao ni Mzee Qamara, anayesikiliza sana na kusema kidogo.

Mmoja akasema, "Mtoto si huyo hapo? Mambo yameisha, tukavune mahindi."

Mwingine akakataa. "Yameishaje? Tumemlilia. Hilo neno la kifo limeingia kila nyumba iliyosaga unga. Unadhani litatoka lenyewe kama paka?"

"Metimani ya mtu aliyekufa tunajua mwisho wake," akasema Mzee Akonaay. "Hii ya mtu aliyeandikwa, wazee hawakutuachia maelezo."

Wakabishana mpaka Mzee Qamara akanyoosha fimbo kwangu. "Wewe. Neno liliingia huku kwa njia gani?"

"Kwa gazeti, mzee."

"Basi litoke kwa gazeti. Andika kwamba mtoto hakufa. Likifika, Nikolausi alisome pale pale kwenye mashine, kwa sauti ile ile. Genoveva atakaa katikati ya wanawake, asikie nao. Likishasomwa, atachota unga na wenzake, na kesho yake tunaingia shambani kwake kuvuna. Lisiposomwa, hatuingii."

Wote wakaitikia.

"Na wewe," akaongeza, "uliyekuwa unatembea huko kama mtu safi, unashikana mikono na watu, utakaa humo ndani nao mpaka siku hiyo."

Ndiyo maana ninawaandikia kutoka Tumati. Gazeti litachukua kama siku kumi na mbili kurudi huku. Siku kumi na mbili, watu watatu, moto mmoja, hakuna jirani wa kuingia wala wa kukatiza maneno. Kama mtu anatafuta nafasi ya kumwambia mke wake ukweli, atapata wapi nafasi kubwa kuliko hiyo?

Wazee waliniagiza sentensi moja: mtoto hakufa. Ningeweza kuiandika na kuishia hapo. Metimani ingeondoka, mahindi yangevunwa, Genoveva angeendelea kunishukuru. Helena yuko mbali, hatajua kama jina lake limechafuliwa Tumati. Tekla hadithi ameishika kuliko mimi.

Lakini nimechoka kuwa na mke anayenishukuru. Haya, mguu.

Ilikuwa siku ya kumaliza sehemu ya saba. Gari la shamba linalochukua bahasha zangu lilikuwa linaondoka saa kumi jioni, na saa tisa mimi sikuwa na mwisho. Tekla alikuwa ametoka shule.

"Baba, njaa."

"Ngoja nimalize ukurasa."

Akangoja. "Baba, njaa."

"Nimesema ngoja!"

Mara ya tatu hakusema kitu. Alikwenda mwenyewe kwenye jiko la mafuta ya taa kukoroga uji, mtoto wa miaka saba, kwenye kigoda. Nilimsikia anavuta kigoda. Nilijua anafanya nini. Nikasema moyoni, nikimaliza hapa nitaamka.

Sufuria ikapinduka.

Akapiga kelele. Mimi nilikuwa katikati ya sentensi. Wasomaji wangu, na Mungu anisamehe: nilimaliza sentensi.

Nilimaliza, nikaweka nukta, ndipo nikainuka. Nilipogeuka, Helena, jirani yangu, alikuwa ameshaingia kutoka nyumba ya tatu, mikono ina unga wa ugali mpaka viwikoni. Alishambeba Tekla. Alishamvua soksi. Ni yeye aliyekimbia naye zahanati, miguu peku, mimi niko nyuma nabeba viatu. Ni yeye aliyelala naye siku mbili. Hakuna mvua iliyonyesha, na kombaini ilikuwa imezimwa.

Sentensi yenyewe mnayo. Mliotunza gazeti la sehemu ya saba, tazameni aya ya tatu: "Hakuna baba asiyesikia mtoto wake akilia." Nyingi kati ya zile barua thelathini na moja ziliinukuu hiyo.

Gari lilikuwa limeniacha. Kesho yake, Tekla amelala na bandeji, nikakaa kuandika upya, sentensi ile tu nikaibakiza. Nilitaka kuandika alivyoungua. Kalamu haikwenda. Nikaleta nyoka, na nyoka akaenda haraka sana. Baba wa mtoto aliyekufa anaonewa huruma. Baba wa mtoto aliyeungua anaulizwa maswali.

Hiyo ndiyo sababu. Mikosi kuisha ni sababu niliyompa Genoveva, na ni ya kweli, lakini ilikuwa imebebwa juu ya hii.

Leo asubuhi nilijaribu. Mtoto alikuwa nje.

"Mama Tekla, kuna jambo."

"Kama ni la gazeti, sitaki. Nitalisikia na wenzangu kwenye mashine."

"Si la gazeti."

"Basi kula kwanza." Akaniwekea ugali, na maziwa ya ng'ombe yule mmoja akanimiminia mimi kibuyu kizima, yeye akala na mboga tupu. "Mtu aliyeruka kutoka kombaini inayotembea anahitaji nguvu," akasema, na akacheka. Ni mara ya kwanza kucheka tangu nifike.

Nikanywa maziwa. Yote. Mdomo unaoweza kumwua mtoto mbele ya nchi nzima ulishindwa kusema maneno matano mbele ya mwanamke mmoja anayecheka.

Bwana Joakimu, nakusihi, usikate chochote hapa. Hata kama imepoa. Hii ukiikata, mahindi ya mtu yataozea shambani.

Na wewe Mwalimu Nikolausi, shikamoo. Bahasha hii nitaiweka juu ya jiwe lililo njiani, utaichukua kesho asubuhi uipeleke kwenye basi bila kujua umebeba nini. Siku itakaporudi imechapwa, ni wewe utakayeisoma, na mashine itazimwa ili watu wasikie. Ukifika kwenye maneno haya, simama. Inua macho. Genoveva amekaa katikati ya wanawake kama wazee walivyosema, na mimi nipo ng'ambo na wanaume.

Kama uso wake umetulia, basi nilimwambia kwa mdomo wangu ndani ya zile siku kumi na mbili. Maliza kusoma, watu wakavune.

Kama ameshika mdomo, kama ndiyo kwanza anasikia kutoka kwako, usiendelee. Weka gazeti chini. Niite kwa jina langu, Basili Hhando, mbele ya watu wote, nisimame niseme mwenyewe. Na nikikaa kimya hata hapo, mwambie jina la Helena ni safi.

Hivi sasa Genoveva ameenda kuchota maji kule pembeni alikopangiwa, hajarudi. Tekla ameacha maharage. Amesimama kwenye kona ya meza, ananiangalia mkono unavyokwenda. Anasema, "Baba, njaa."

Bado sijawaambia jinsi nitakavyoanza akirudi mama yake, maneno nimeshayapanga, la kwanza kabisa ni kwamba